Maradhi Yanayoingia Kichwani: Maneno kwa Watu wa Nchi ya Chai



Iko fikira moja iliyoenea sana katika nchi ya chai, tangu Kericho mjini hata Litein, Sotik na Bomet, nayo ni kwamba malaria ni ugonjwa wa watu wa Ziwa na wa Pwani. Mtu wa huku juu husema, "Kwetu kuna baridi, mbu hawawezi kukaa." Fikira hii haikuzuka bure. Mji wa Kericho uko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya meta 2,000, na Kisumu iko chini yake kwa meta 800 na zaidi. Asubuhi ya mwezi wa Julai mchuma chai hutoka nyumbani amejifunga nguo nzito, umande umelala juu ya majani, na vidole vyake hufa ganzi kabla kikapu hakijafika nusu. Ni nani atakayemkumbuka mbu wakati huo? Hata hivyo fikira hiyo ni nusu ya kweli tu, na kwa ajili ya nusu iliyobaki watu wazima wenye nguvu zao wamezikwa katika nchi hii.

Yafaa kwanza kueleza jinsi baridi inavyomlinda mtu. Kijidudu cha malaria inayoua, ambacho wataalamu hukiita Plasmodium falciparum, hakina budi kukomaa ndani ya mwili wa mbu kabla hakijaweza kumwingia mtu wa pili. Mahali penye joto la nyuzi 25 hukomaa kwa muda wa majuma mawili hivi. Penye nyuzi 20 huhitaji karibu majuma manne. Joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi, kazi hiyo huenda polepole mno, na mbu hufa kabla kijidudu hakijawa tayari. Basi joto la wastani la Kericho liko papo hapo mpakani. Mwaka wa baridi, watu husalimika. Ukija mwaka ambao joto limezidi kidogo na mvua za masika zimejaza maji katika mashimo na mitaro, mpaka huo huvukwa, na ifikapo Juni au Julai vitanda vya hospitali hujaa. Tena mbu hakai nje penye baridi. Akiisha kunyonya damu hupumzika ukutani ndani ya nyumba, ambamo moto wa jikoni umewaka tangu magharibi, na humo joto ni zaidi ya lile linaloandikwa na watu wa hali ya hewa.

Jambo hili si geni. Katika nchi jirani ya Nandi mlipuko wa malaria wa miaka ya 1918 na 1919 ulifuata kurudi kwa askari waliokuwa vitani Tanganyika. Mwaka 1945 Daktari P.C.C. Garnham, aliyekuwa katika utumishi wa tiba wa Kenya, aliandika habari za malaria iliyolipuka mahali palipo juu sana, ambapo watu walidhani haiwezi kufika. Mwishoni mwa miaka ya 1940 vibarua wa mashamba ya chai walianza kupewa vidonge vya proguanili katika majira ya hatari, na kwa muda mrefu baadaye ugonjwa ulitulia, hata watu wa miaka ya 1960 na 1970 wakausahau. Katika miaka ya 1980 ulirudi kwa nguvu. Madaktari waliopitia daftari za hospitali ya kampuni ya chai za tangu 1965 waliona jinsi hesabu ya wagonjwa ilivyopanda. Sababu yake ilileta ubishi mkubwa. Wataalamu walioandika mwaka 2002 walisema hali ya hewa ya Kericho haikubadilika kiasi cha kueleza jambo hilo. Wengine walioandika mwaka 2006 walizifanya upya hesabu za joto wakasema limepanda. Juu ya dawa hapakuwa na ubishi kama huo: vijidudu vilikuwa vimekwisha kuizoea klorokwini, na mwaka 1998 Serikali ya Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza.

Sasa, kwa nini malaria ya nchi ya juu huua watu wazima, hali kule Ziwani wanaokufa zaidi ni watoto? Mtu aliyezaliwa karibu na Ziwa, akang'atwa na mbu tangu utotoni na akaokoka, mwili wake hujifunza kupigana. Akiugua ukubwani huumwa kichwa na viungo siku tatu nne, akapona. Mtu wa Kericho au Bomet hakupata mafunzo hayo, na mwili wake hupambana na kijidudu kama mwili wa mtoto mchanga. Na yule aliyezaliwa Ziwani kisha akakaa nchi ya chai miaka mingi, kinga yake hupungua pasipo yeye kujua. Huyu ndiye mwenye hatari ya kipekee, kwa kuwa hujiona mwenyeji wa malaria, akaidharau.

Tuseme yuko kibarua mmoja, mzaliwa wa uwanda wa Kano, ambaye amechuma chai Kericho kwa miaka kumi. Apata habari ya msiba nyumbani. Ateremka hata Ahero, penye mashamba ya mpunga na maji yaliyotuama, akalala matangani siku nne, nje, bila chandarua. Arudi kazini. Siku ya kumi na moja aanza kutetemeka. Anunua dukani vidonge vya kichwa, kesho yake aenda shambani kwa kuwa kilo za chai ndizo mshahara. Siku ya tatu aanza kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Mkewe amkimbilia nyapara.

"Mzee, mume wangu hanijui. Ananiita kwa jina la marehemu mama yake."

"Pole, mama. Huyo amepatikana huko matangani. Mpelekeni kwao akatengenezwe."

Jirani mwingine asema ni pombe tu, italala. Hapana hata mmoja kati yao mwenye nia mbaya. Nyapara amwonea huruma mwenzake, tena amesema lile ambalo babu zake wangalisema. Lakini safari ya kumrudisha kwao ni ya saa kadhaa, na saa hizo ndizo anazozihitaji mgonjwa kwa tiba.

Kinachotendeka ndani ya kichwa chake ni hiki. Vijidudu vya falciparum huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzigeuza, zikawa na mnato. Chembe hizo hujigandisha katika kuta za mishipa, na ile midogo kabisa ya ubongo huziba kama mfereji wa maji unavyozibwa na takataka baada ya mvua. Ubongo hukosa hewa na chakula chake, tena huweza kuvimba. Hapo mgonjwa huchanganyikiwa, hupata degedege, huzimia. Sukari ya damu nayo huweza kushuka mno. Kwa mtoto, tangu homa ya kwanza hata kuzimia, huenda zisipite siku mbili. Pengine hata moja haitimii. Hata akifikishwa hospitali nzuri, kati ya wagonjwa wa namna hii waliozimia hufa mmoja katika kila watano au sita. Asiyetibiwa kwa kawaida hufa.

Basi neno la kwanza la kumwambia daktari au mwuguzi wa zahanati ya shamba ni safari: mgonjwa alikwenda wapi katika mwezi uliopita, na alilala siku ngapi. Tone moja la damu la kidoleni litatosha kuonyesha vijidudu, ama kwa darubini ama kwa kipimo cha haraka ambacho jibu lake hutoka kwa muda wa robo saa hivi. Na mtu ambaye hakusafiri popote asikataliwe kipimo, kwa maana katika miezi ya Mei, Juni na Julai mbu wa papa hapa nao huambukiza.

Wakati gari linangojewa, yako mambo ambayo watu wema hufanya kwa mapenzi na ambayo huleta madhara. La kwanza ni chai. Katika nchi hii mgonjwa hupewa chai ya maziwa yenye sukari nyingi kabla ya jambo lingine lo lote, na kwa mtu mwenye akili zake timamu hiyo ni heshima na faida. Lakini aliyezimia hawezi kumeza. Chai ikimiminwa kinywani mwake huingia katika mapafu, na ugonjwa mmoja huwa miwili. La pili ni kijiko. Mtoto akishikwa na degedege, mama humtia kijiko kati ya meno ili asijiume ulimi. Kijiko huvunja meno na kuziba pumzi. Alazwe kwa ubavu, kichwa kielekee chini kidogo, nguo za shingoni zilegezwe, na mate yaachwe yatoke. Mtoto wa chini ya miaka sita aliye mbali na hospitali huweza kutiwa dawa ya artesuneti kwa njia ya haja kubwa na mhudumu aliyefundishwa, kisha apelekwe mbele upesi. Dawa hiyo ni ya kumfikisha tu, haimalizi ugonjwa.

Tiba yenyewe imekuwa bora kuliko ilivyokuwa. Kwa zaidi ya miaka mia tatu watu walitegemea kwinini, itokayo katika magome ya mti wa sinkona, mti ambao hata Kericho ulipata kupandwa. Baadaye Wachina walitoa dawa mpya katika mmea wao wa kale, Artemisia annua, na Bibi Tu Youyou aliyeongoza kazi hiyo katika miaka ya 1970 alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa watoto zaidi ya 5,400 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Katika kila mia waliopewa kwinini walikufa karibu kumi na mmoja. Waliopewa sindano ya artesuneti, wanane na nusu. Tofauti hiyo ni ndogo kuisikia. Kwa watoto elfu ni ishirini na zaidi warudio kwa mama zao. Tangu hapo sindano ya artesuneti imekuwa ndiyo dawa ya kwanza kwa malaria kali, nayo hupigwa mara mgonjwa afikapo, kisha baada ya saa 12, kisha baada ya saa 24.

Wazazi waelewe pia kwamba kuamka si kupona kote. Uchunguzi wa miaka mingi uliofanywa Kilifi umeonyesha kuwa mtoto mmoja kati ya wanne hivi waliookoka malaria ya ubongo hubaki na upungufu: kifafa, udhaifu wa viungo, ugumu wa kusema au wa kushika masomo. Mwalimu akimwona mwanafunzi aliyekuwa hodari akirudi shuleni mzito wa kukumbuka baada ya kulazwa, fimbo haitamsaidia. Arudishwe kwa daktari.

Na mtu mzima anayeanza kuanguka kifafa pasipo homa yo yote, asihesabiwe kuwa na malaria wala pepo. Huenda ni mayai ya tegu wa nguruwe yaliyojenga vifuko katika ubongo wake. Ugonjwa huu hujulikana zaidi Busia na sehemu nyingine za magharibi ambako nguruwe huachwa wakirandaranda, na vibarua hutoka kote huko kuja kuchuma chai. Wengi hushangaa wasikiapo kwamba hata asiyekula nguruwe huupata. Mayai hayo hutoka katika choo cha mtu mwenye tegu, si katika nyama, na hufika kinywani kwa mikono isiyonawiwa au mboga zisizooshwa. Hospitali kubwa huweza kuvitambua vifuko hivyo kwa picha ya kichwa.

Malaria ya ubongo huja kama mwizi avunjaye mlango. Uko ugonjwa mwingine wa kichwa ambao huingia taratibu, hata wenye nyumba wasisikie. Huu hauletwi na mbu. Huletwa na ukungu, jamaa wa hamira, jina lake Cryptococcus, ambao hukaa katika udongo na hasa katika mavi ya ndege kama njiwa. Watu karibu wote huuvuta pamoja na vumbi, nao hukaa mapafuni kimya bila kudhuru. Mwili wenye nguvu huufungia humo maisha yote. Lakini virusi vya UKIMWI vikiwa vimekula askari wa mwili kwa miaka, ukungu huo hupata nafasi, ukapanda hata kwenye utando wa ubongo na uti wa mgongo.

Watu wa nchi ya chai hawawezi kusema kwamba jambo hili haliwahusu. Utafiti ulioanza mwaka 2003 miongoni mwa wakazi wa mashamba ya chai ya Kericho ulikuta virusi hivyo kwa mtu mmoja katika kila saba. Tangu wakati ule dawa zimeenea na watu wengi huishi na virusi wakiwa na afya njema, wakichuma, wakilea. Wanaopatwa na ukungu huu zaidi ni wale ambao hawajapimwa, au walioanza dawa wakaacha: pengine kwa kuhama shamba, pengine kwa kuwaonea haya wenzao wa laini moja ya nyumba ambao wangewaona wakipanga foleni kliniki.

Dalili yake kubwa ni kichwa. Kichwa kinachouma juma la kwanza, la pili, la tatu, kikizidi kila asubuhi, ambacho vidonge vya dukani hukituliza saa mbili tu. Macho huona kiwi au huona vitu viwili viwili, masikio hupungua kusikia, mgonjwa hutapika, husahau, hugeuka tabia. Homa huweza kuwa ndogo sana, na shingo huenda isikakamae, ndiyo sababu wengi hutibiwa malaria mara mbili au tatu kabla mtu hajafikiri jambo jingine. Asiyetibiwa hafi kwa siku tatu kama wa malaria, bali kwa majuma. Ugonjwa huu hauambukizi kutoka mtu kwa mtu. Hapana haja ya kumtenga mgonjwa wala kuchoma blanketi lake.

Kuujua kwataka maji ya uti wa mgongo, na hapa ndipo jamaa wengi hukataa. Katika vijiji husemwa kwamba aliyetolewa maji ya mgongo hupooza au hufa. Neno hili linastahili kujibiwa kwa adabu, kwa kuwa waliolisema waliona kweli watu wakifa baada ya sindano hiyo. Walikufa kwa ugonjwa uliokuwa umekwisha kukomaa, kwa sababu waliletwa mwisho wa safari. Sindano huingizwa kiunoni, chini ya mahali unapokomea uti wenyewe, kwa hiyo haiugusi. Mtu mzima ana maji hayo yapata nusu chupa ya soda, na mwili wake hutengeneza mapya zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho kila siku. Daktari huangalia kwanza kama hapana kizuizi cha kufanya hivyo. Tena katika ugonjwa huu maji hujaa na kuubana ubongo. Kuyapunguza ni tiba yenyewe, na wako wagonjwa ambao kichwa huwapungua kabla hawajashuka kitandani. Mpimaji huyachanganya na wino mweusi, akatazama kwa darubini, akauona ukungu kama mwezi mdogo uliozungukwa na duara jeupe.

Dawa zamani zilikuwa za kuchosha: amfoterisini ya mshipani kila siku kwa majuma mawili, ambayo huumiza figo. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2022, yaliyofanywa katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo, yalionyesha kuwa dozi moja kubwa ya amfoterisini ya namna mpya, pamoja na flusitosini na flukonazoli za kumeza kwa siku 14, hufaa sawasawa na tiba ya zamani na madhara yake ni machache kuliko ya hiyo ya zamani. Mwaka ule ule Shirika la Afya la Ulimwengu liliikubali. Baada ya hapo flukonazoli huendelea kumezwa kwa mwaka mzima au zaidi.

Liko jambo moja ambalo jamaa wa mgonjwa huona kama uzembe wa hospitali, na kumbe ni busara. Mgonjwa akigunduliwa na virusi siku ile ile, daktari hamwanzishii dawa za UKIMWI upesi, humngojesha majuma manne hadi sita. Majaribio ya Uganda na Afrika ya Kusini yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikuta kwamba katika walioanzishwa mapema walikufa 45 katika mia kwa miezi sita, na katika waliongojeshwa 30. Askari wa mwili wakirudi ghafla wakaukuta ukungu bado umejaa, vita yao huvimbisha ubongo.

Hata hivyo njia ya heri ni kuugundua kabla. Alama za ukungu huonekana katika damu yapata majuma matatu kabla ya kichwa kuanza kuuma, na kipimo chake hutoa jibu kwa muda wa dakika kumi. Kwa hiyo mtu aliyeacha dawa kwa miezi akarudi kliniki, na nguvu za mwili wake zikionekana zimeshuka, hupimwa damu kwa ukungu huu siku hiyo hiyo. Ukionekana, maji ya mgongo huangaliwa. Yakiwa safi, hupewa flukonazoli za kumeza nyumbani, akaambiwa tarehe ya kurudi.